'Walihonga njia yao': Kiingereza kina 'way', sisi tuna vitenzi

Alhamisi usiku, saa nne kasorobo, nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja niliyemfunza chuoni. Siku hizi yumo mafunzoni katika chumba cha habari cha gazeti ambalo sitalitaja. "Za jioni Mwalimu. Pole kwa kukusumbua usiku. Hii naiwekaje kwa Kiswahili?"

"Hii" ilikuwa sentensi ya Kiingereza iliyotoka katika habari kuhusu uchunguzi wa usajili wa wanafunzi: 'Some of the students bribed their way into the college.' Chini yake alikuwa ameandika majaribio yake matatu.

Baadhi ya wanafunzi walihonga njia yao hadi chuoni.

Baadhi ya wanafunzi walihonga ili wajiunge na chuo.

Baadhi ya wanafunzi walijiunga na chuo kupitia hongo.

"Ipi sawa, Mwalimu? Mhariri anataka ukurasa kabla ya saa tano."

Nilimjibu upesi, lakini sentensi hizo tatu zimenikaa kichwani wiki nzima. Kijana huyu si mvivu wala si mbumbumbu wa lugha. Alipata alama nzuri katika somo langu la tafsiri, na nikimlaumu nitakuwa najilaumu mwenyewe. Majaribio yake ndiyo ninayoyasoma na kuyasikia kila uchao magazetini na redioni, na si yote matatu yaliyo na kosa moja. La kwanza linachekesha. La tatu linachosha. La pili ndilo la hatari, nalo ndilo lenye Kiswahili kisafi kuliko yote.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana huwezi kukosoa tafsiri ya kitu usichokijua. Waingereza wana muundo ambao wanaisimu wameushughulikia kwa miaka mingi. Adele Goldberg, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu miundo ya sarufi, aliutengea sura nzima. Unachukua kitenzi, unakiongezea 'his way', 'her way' au 'their way', kisha unataja mahali. Kitenzi chenyewe si lazima kihusu mwendo hata kidogo. Mtu anaweza kusukuma, kupigana, kuhonga, kudanganya, kuimba, hata kutania, na muundo huo ukamfikisha mahali. 'He lied his way out of trouble.' Kudanganya si kutembea, ila katika sentensi hiyo uongo umekuwa miguu.

Kwa hiyo sentensi fupi ya aina hiyo hubeba mambo matatu kwa pamoja: kwamba mtu alifanya jambo, kwamba jambo hilo ndilo lililomfungulia njia, na kwamba alifika. Goldberg anaongeza la nne, ambalo wafasiri wengi hulisahau: njia yenyewe haikuwa nyepesi. Kulikuwa na umati, vichaka, mlango uliofungwa au sheria iliyokataza. Ndiyo maana Mwingereza hasemi kwamba mtu 'went his way into the room' ikiwa mlango ulikuwa wazi na aliingia tu kama watu wengine.

Sasa turudi kwa kijana wetu. 'Walihonga njia yao' ni tafsiri sisisi, na kosa lake ni kwamba Kiswahili kimekwisha kulipa neno 'njia' kazi nyingine. Njia ni barabara au kichochoro. Njia pia ni mbinu, ndipo tukasema kila mtu ana njia yake ya kupika pilau. Anayekijua Kiswahili lakini hakijui Kiingereza akisoma kwamba wanafunzi walihonga njia yao, atadhani njia ndiyo iliyopokea hongo. Kwa jinsi barabara zetu zilivyo na vizuizi vya ukaguzi, sikatai kwamba huenda zinahongeka, lakini hilo silo lililokusudiwa.

Jaribio la pili halichekeshi. 'Walihonga ili wajiunge na chuo.' Sarufi yake haina kasoro. Mwalimu wa sekondari angeitia alama ya vyema. Lakini hebu msomaji, jiulize: walijiunga au hawakujiunga?

Sentensi haisemi. Neno 'ili' hutaja nia tu, na nia huweza kutimia au kugonga mwamba. Nilipanda basi ili niwahi mkutano. Huenda niliwahi, huenda basi liliharibika njiani. Kiingereza kilisema bila shaka yoyote kwamba wanafunzi hao waliingia chuoni. Kiswahili chetu kimesema tu kwamba walitaka kuingia, wakatoa kitu. Ni kweli, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humhesabia kosa hata mtu aliyeahidi tu kutoa. Lakini mzazi ambaye mwanawe alikosa nafasi katika chuo hicho hasomi habari ili ajue nani alikuwa na nia. Anataka kujua nani amekalia kiti cha mwanawe. Chuo kilichopokea hongo na kumsajili mtoaji si sawa na chuo kilichomfukuza langoni, na gazeti likivichanganya hivyo viwili limemdhulumu mmoja wao.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaodhani kwamba tafsiri ikiwa na Kiswahili fasaha basi kazi imekwisha. Tafsiri sisisi hujianika. Msomaji huiona, hucheka, halafu hukisia maana. Upotovu uliovaa sarufi safi hupita bila kuulizwa.

Kiswahili kina namna kadhaa za kusema kwamba mtu alifika, na hazilingani. Tukisema 'walihonga wakaingia', ile 'ka' ya mfululizo tuliyofunzwa shuleni inatupa tukio moja kisha jingine. Kufika kumethibitishwa. Lakini 'ka' hupanga matukio tu; haiapi kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Wakili hodari angeweza kusimama na kudai kwamba mteja wake alihonga, kweli, kisha akaingia kwa alama zake mwenyewe. Tukisema 'walihonga hadi wakaingia', tumeongeza kitu ambacho Kiingereza hakikukitaja: kwamba walitoa na kutoa tena mpaka mlango ukafunguka. Tukisema 'waliingia kwa kuhonga', hongo imekuwa chombo, kuingia kumekuwa tukio lenyewe, na wakili wetu hana pa kupenyea.

Tofauti hizi si za kitabuni tu. Kumbukumbu katika mahakama zetu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza hata shahidi anapozungumza Kiswahili. Chukua shahidi anayesema, 'Nilisukuma watu nikapita.' Mkalimani anaweza kusema kwamba alisukuma watu, kisha akapita: matendo mawili, na la kwanza linakaribia kuwa shambulio. Anaweza pia kutumia ule muundo wa Waingereza, 'I pushed my way through', na hapo kusukuma kukawa namna tu ya kupita katika umati. Maneno ya shahidi ni yale yale. Ni mkalimani aliyeamua kama huyu ni mtu mwenye haraka au ni mtu mwenye fujo.

Jaribio la tatu, 'walijiunga na chuo kupitia hongo', lina ukweli wote. Walifika, na hongo ndiyo iliyowafikisha. Kinachoniudhi ni hilo neno 'kupitia', na ninaomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu nina kesi nalo ya muda mrefu.

Kupitia limekuwa dawa ya kila ugonjwa unaoitwa 'through'. Nimewahi kusikia redioni kwamba mtu 'alifariki kupitia ajali' na kwamba mshambuliaji 'alifunga kupitia kichwa', kana kwamba mpira ulipenya fuvu la kijana wa watu ukatokea upande wa pili. Watu hufariki katika ajali au kwa ajali. Mabao hufungwa kwa kichwa. Kihusishi 'kwa', herufi tatu tu, kimefanya kazi hii tangu zamani bila kulalamika, na sasa tunakistaafisha mapema ili tumwajiri neno refu lenye sura ya Kiingereza.

Wala sisemi kupitia ni kosa kila mara. Wezi waliingia kupitia dirishani: sawa, kwa sababu walipita hapo kwa miili yao. Basi la Mombasa hupitia Voi. Kutuma pesa kupitia M-Pesa, sina neno, ingawa 'kwa M-Pesa' ingetosha. Na kijana akiniambia 'Mwalimu, napitia mengi', simkosoi. Najua hiyo imetokana na Kiingereza. Wazee wetu wangesema yamewakuta, yamewasibu, au wanakiona cha mtema kuni. Lakini 'napitia mengi' imekwisha kukubalika midomoni mwa watu, sarufi yake ni sawa, na ina upole fulani ambao 'nimesibiwa' haina. Kumkatiza mtu anayekueleza shida zake ili umrekebishe kihusishi ni ufundi mbaya wa lugha na ubaya wa moyo.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunalitumia neno hili kana kwamba halina maisha yake. Kupitia ni kauli ya kutendea ya kitenzi 'pita', na kauli hiyo imekipa Kiswahili maana ambazo 'through' haizioti. 'Nitakupitia saa moja' ni ahadi kwamba nitakuja kwako kisha tuondoke pamoja. 'Pitia madaftari yako' ni kudurusu. Tena kuna matumizi ambapo binadamu si mpitaji bali ndiye anayepitiwa. Usingizi ulinipitia. Shetani alimpitia. Ukisahau miadi unasema, 'Samahani, nilipitiwa.' Mwingereza na ile 'way' yake huwa mpasuaji wa njia kila wakati. Mswahili hukubali kwamba siku nyingine yeye mwenyewe ndiye njia.

Basi Kiswahili hulionyeshaje lile tendo la mtu kupenya penye kizuizi? Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy, katika kazi yake mashuhuri ya mwaka 1985, alizigawa lugha kwa kuangalia mahali zinapoweka mwelekeo wa safari. Kiingereza huweka namna ya mwendo katika kitenzi, na mwelekeo hukiachia kijineno cha pembeni: 'ran in', 'crawled out', 'pushed through'. Lugha nyingine hufanya kinyume, na Kiswahili kimo humo. Kitenzi chetu kikuu ndicho chenye mwelekeo: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, penya, fika. Namna ya mwendo hufuata nyuma: aliingia akikimbia, alitoka akitambaa, alivuka akichechemea. Ukiiga mpangilio wa Kiingereza ukaandika 'alikimbia chumbani', msomaji atabaki kuuliza kama huyo mtu aliingia chumbani mbio au alikuwa mle ndani akizunguka kama kuku.

Siri ya kutafsiri muundo huu ni kuutafuta mwisho wa safari kwanza. Alifika wapi? Hicho ndicho kitenzi chako. Halafu uulize, kwa nini? Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, Mwingereza angeweza kuandika kwamba 'he ran his way into history'. Wewe usiandike kwamba alikimbia njia yake. Aliingia katika historia, na aliingia kwa mbio.

Tuna kifaa kingine ambacho sijui kwa nini wanahabari wetu hawakitumii vya kutosha, nacho ni kile kiambishi 'ji' cha kujirejelea. Kujipenyeza. Kujichomeka. Kujitosa. Kujikokota. Kujikongoja. Kujinasua. Kujikwamua. Angalia mawili ya mwisho: kunasa kumegeuzwa kuwa kunasua, kukwama kumegeuzwa kuwa kukwamua, halafu 'ji' ikamfanya mtu awe mkombozi wa nafsi yake. Katika neno moja tuna kizuizi, jitihada na kufika, vitu vile vile ambavyo Mwingereza hukusanya maneno manne au matano kuvisema. Aliyetoka matatani kwa uongo, huyo 'lied his way out', alijinasua kwa uongo. Aliyejilipia karo kwa vibarua mpaka akahitimu alijisomesha. Jisomesha! Sioni Kiingereza kikilifikia neno hilo kwa ufupi.

Na hatuko peke yetu. Mjerumani aliyefanya kazi kutoka chini hadi juu husema 'sich hocharbeiten', na hiyo 'sich' ni ndugu wa 'ji' yetu. Mhispania anayepenya umati husema 'abrirse paso', yaani kujifungulia njia. Mfaransa ana 'se frayer un chemin' kwa kazi hiyo hiyo. Wote wamepitia mlango wa kujirejelea. (Hapo nimetumia kupitia, na walipita kweli.)

Lakini 'ji' ina mipaka. Huwezi kuipachika popote. 'Alijihonga' maana yake angekuwa amejipa hongo mwenyewe, jambo ambalo hata katika nchi yetu bado halijabuniwa. Pia kuna mahali ambapo lazima tukubali kwamba Kiingereza kinatuzidi kwa wepesi. 'She joked her way through the interview.' Nimeihangaikia sentensi hii. 'Alifanya mizaha kutoka mwanzo wa mahojiano hadi mwisho' ni sahihi ila ni ndefu, na ule uchangamfu umekauka. 'Mahojiano aliyamaliza kwa mizaha tu' inakaribia. Hata hivyo, aliipata kazi? Kiingereza hakisemi, kinasema alifika mwisho wa mahojiano. Nimeona mfasiri akiandika kwamba 'alifaulu mahojiano kwa mizaha', akampa mwanamke wa watu kazi ambayo huenda hakuipata. Hilo ni kosa la jaribio la pili lililogeuzwa kichwa chini: kule tulimnyima mtu mwisho wa safari, hapa tumemzawadia.

Nilipokuwa kijana nilikuwa nikienda sokoni Marikiti, Mombasa, asubuhi. Vichochoro vyembamba, watu tele, na mahamali na mikokoteni yao iliyosheheni magunia. Hamali hasukumi watu. Huita, 'Simile! Simile!', na umati hujigawa bila mtu kugeuka nyuma. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na wakazi wa Pwani wanalijua vyema, ingawa bara nimekuta wanafunzi wa shahada ambao hawajawahi kulisikia. Watu waliosogea, kwa Kiswahili tunasema wamempisha. Kupisha nako ni mtoto wa kitenzi 'pita': ni kumfanya mwenzako apite.

Ningetafsirije kwa Kiingereza habari ya yule hamali? 'He shouted his way through the market'? Hapana, hiyo ingemfanya mpiga kelele, na wale waliompisha wangepotea kabisa katika sentensi. Muundo wa 'way' humtazama mtu mmoja tu, yule anayepasua. Sitaki kujenga falsafa nzima juu ya jambo hili, kwa maana nimeona wasomi wakidai kwamba lugha fulani ni ya wapole na nyingine ni ya wakali, na huo ni upuuzi. Kiswahili kina 'kupiga watu vikumbo' na tunakitumia kila jioni katika vituo vya matatu. Ninachosema ni kwamba mfasiri anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza naye ana mtego wake. Asipoangalia, atawafuta watu waliopisha.

Nilimjibu yule kijana usiku ule kwamba aandike 'Baadhi ya wanafunzi waliingia chuoni kwa kuhonga', na nikamwonya kwa ukali kuhusu lile jaribio la pili. Nilimwambia pia arudi katika ripoti ya Kiingereza ahakikishe kwamba kweli walisajiliwa, kwa sababu mwandishi wa Kiingereza naye huenda alivutiwa na utamu wa muundo wake. Alinijibu kwamba amepiga simu, na walisajiliwa.

Asubuhi nililinunua gazeti. Sentensi yetu haikuwemo. Mhariri wa zamu, mzee ambaye sidhani kama amewahi kumsikia Talmy, alikuwa ameikata aya ile yote kwa kukosa nafasi, na juu ya ukurasa akaweka kichwa chake mwenyewe: WALIINGIA KWA HONGO.